Kriatini hadi ndani ya msuli: mwongozo kamili kwa mchezaji wa Mtwara na Lindi

Kila jioni nikikusanya glasi pale jimu ninapofundisha, hapa Mtwara mjini, nakuta mchanga mweupe umetulia chini ya glasi mbili tatu. Mwenye glasi kashaoga, kajipaka mafuta, kaondoka zake akijua amekunywa kriatini, ule unga wa kuupa msuli nguvu ya ghafla. Alichokunywa ni maji. Kriatini kaniachia mimi nikaimwage.

Hasara haiishii hapo. Ipo inayoharibikia kwenye chupa iliyosahauliwa juani, ipo inayofukuzwa na tumbo, na ipo nyingine, nyingi kuliko zote, inayofika salama kwenye damu, inabisha hodi kwenye msuli, haifunguliwi, inaishia chooni. Nitaifuata safari hiyo kuanzia kopo hadi ndani ya paja, nikiwafikiria watu wa huku kwetu: winga wa ligi ya mkoa anayejifua uwanja wa Nangwanda Sijaona, dada anayekimbia mita 400 pale uwanja wa Ilulu, na wale wenzangu wa vyuma.

Kabla ya yote: unajaza nini, wapi

Kriatini si dawa ya maabara iliyozuliwa juzi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwili wenyewe huitengeneza, karibu gramu 1 kwa siku, kazi inayofanywa na figo na ini. Anayekula nyama na samaki hupata kama gramu 1 nyingine kwenye chakula. Mtu wa kilo 70 ana takriban gramu 120 mwilini, na asilimia 95 ya hiyo iko kwenye misuli. Kila siku sehemu ndogo, kama gramu 2, hugeuka kuwa kriatinini na kutoka na mkojo. Hilo jina la pili likumbuke, tutalikuta tena hospitali.

Kazi yake ni hii. Ukitoka mbio za ghafla, msuli unatumia ATP, yaani nishati ya papo hapo ya seli, na akiba ya ATP ni ya sekunde chache tu. Kriatini iliyobeba fosfati, yaani fosfokriatini, inatoa fosfati yake papo hapo ili ATP irudi. Kwa hiyo inamfaa anayerudia kazi fupi kali: winga anayekimbilia mpira mrefu, anarudi kukaba, na kabla hajapumua anatumwa tena, mrukaji, mnyanyua vyuma anayetafuta mzunguko wa nane baada ya kuzoea kukwama kwenye wa saba. Mkimbiaji wa kilomita 21 haimsaidii sana, na kilo ya maji inayoongezeka itamwelemea kwenye mlima wa Mikindani.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Msuli una ujazo wake. Ukipimwa kwa kilo ya msuli uliokaushwa, watu wengi wana kama milimoli (kipimo cha wanakemia) 120 za kriatini, na mwisho wa kujaa ni karibu 160. Ni mtungi: ukishajaa, unachoongeza kinamwagika. Tena mtungi huu una mlango. Kriatini haipenyi yenyewe, huvutwa na kisafirishi maalumu kilichopo kwenye ukuta wa seli, na kisafirishi hicho hufanya kazi kwa msaada wa sodiamu na kloridi, yaani vitu vilevile vilivyomo kwenye chumvi ya mezani. Insulini, homoni inayopanda ukishakula, humsukuma mlinzi wa mlango afungue zaidi. Msuli uliotoka kufanya kazi nao hufungua zaidi. Msuli uliokaribia kujaa unafunga. Yote nitakayoeleza kuanzia sasa yanatokana na tabia hizo za mlango.

Hatua ya 1: jua umeanzia wapi

Wawili wanaweza kutumia kopo moja, mmoja akapanda kama moto na mwingine asione kitu. Mara nyingi siri iko kwenye sufuria za nyumbani kwao. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe mbichi ina kama gramu 4 na nusu za kriatini, na samaki wengi wako kati ya gramu 3 na 5 kwa kilo, japo moto wa kupikia hupunguza. Mmakonde wa bara anayeshinda na ugali wa muhogo, mbaazi na kisamvu anaanza na mtungi ulio chini, kwa hiyo nafasi anayo. Aliyelelewa Msanga Mkuu, samaki mchana, samaki usiku, huenda mtungi wake uko juu tayari, na nyongeza atakayoipata ni ndogo. Huyo wa pili asikimbilie kusema kopo ni feki.

Kwa hesabu hiyohiyo, mtu akikuambia gramu 5 utazipata kwenye chakula peke yake, muulize nani analipa kilo nzima ya samaki kwa siku.

Hatua ya 2: kununua na kutunza

Nunua kriatini monohaidreti, ya unga, isiyo na ladha wala mchanganyiko. Basi. Kwa uzito, asilimia 88 ya unga huo ni kriatini yenyewe, iliyobaki ni maji yaliyoshikamana nayo. Ndiyo iliyochunguzwa kwa miaka zaidi ya 30, na ndiyo ya bei ya chini. Kuna za hidrokloridi, kuna zilizopunguzwa asidi, kuna esta ya ethili. Hakuna iliyothibitika kuingia msulini kuliko monohaidreti, na hiyo esta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikifika tumboni kiasi kikubwa hugeuka kriatinini hata kabla ya kufika kwenye damu. Unalipa zaidi ili ukojoe zaidi.

Huku kusini makopo mengi yanakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mimi lilinifika kopo moja ambalo karatasi ya ndani ilikuwa imebanduliwa na kurudishwa kwa gundi. Unga wake ulikuwa mtamu kidogo. Monohaidreti halisi haina utamu, inakuwa chungu kwa mbali au haina ladha kabisa, na ukiisugua kati ya vidole unasikia chembechembe kama chumvi laini. Ule wangu ulikuwa laini kama wanga wa kupigia nguo pasi. Fedha sikurudishiwa. Tangu hapo nakagua kabla ya kulipa: karatasi ya ndani iwe nzima, tarehe ya mwisho isomeke, namba ya toleo iwepo, na anayeuza akubali nifungue mbele yake.

Anayecheza mashindano yanayopimwa ana la ziada. Kriatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, lakini kopo la kriatini linaweza kuwa limechanganyikana kiwandani na kitu kilichokatazwa, na kanuni zinamwajibisha mchezaji kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Tafuta kwenye kopo alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, yaani limepimwa kuhakikisha halina vitu hivyo. Makopo ya mchanganyiko wa "kabla ya mazoezi" yaache kabisa, ndiyo yenye vurugu nyingi.

Utunzaji hauna mengi. Unga mkavu unakaa miaka bila kuharibika hata kwenye joto letu. Adui ni unyevu, na masika ya pwani unayajua. Usichote kwa kijiko chenye maji, usitupe kile kipakiti cha kufyonza unyevu, na kopo lisikae jikoni karibu na mvuke. Ukishikana mabonge tu bado unafaa, ukishalowa, tupa.

Hatua ya 3: chagua njia ya haraka au ya taratibu

Njia ya haraka ni wiki ya kujaza: gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, ukigawa mara nne. Mwenye kilo 60 anafika gramu 18, mwenye kilo 70 gramu 21. Baada ya hapo unashuka hadi gramu 3 mpaka 5 kwa siku, za kufidia kile kinachotoka na mkojo.

Njia ya taratibu ni gramu 3 hadi 5 kwa siku tangu siku ya kwanza, bila wiki ya kujaza.

Mwaka 1996 Hultman na wenzake walizilinganisha: gramu 20 kwa siku 6, na gramu 3 kwa siku 28. Mwisho wa safari misuli ilikuwa imepanda sawa, karibu asilimia 20. Tofauti ilikuwa tarehe ya kufika. Kama mechi yako iko wiki ijayo, njia ya haraka ina maana. Kama ligi inaanza baada ya miezi miwili, sioni kwa nini umalize theluthi moja ya kopo kwa wiki moja, wakati sehemu kubwa ya hizo gramu 20 inapita tu. Uchunguzi wa Harris na wenzake wa mwaka 1992 ulionyesha msuli hupokea kwa pupa siku mbili za mwanzo, kisha unapunguza kadiri unavyojaa. Vijana wangu wengi nawapeleka njia ya taratibu, na sababu yangu nyingine ni tumbo.

Hilo la tumbo nalijua kwa mwili wangu. Msimu wangu wa kwanza niliona kugawa mara nne ni usumbufu, nikazimimina gramu 20 zote kwenye chupa moja, nikanywa nusu saa kabla ya mazoezi. Dakika ya kumi na tano hivi nilimwomba mwalimu ruhusa. Sikurudi uwanjani siku hiyo. Kriatini nyingi kwa mpigo huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na kinachofuata sina haja ya kukieleza. Gramu 5 kwa mara moja zinatosha. Gramu 10 kwa mara moja zinaharisha watu zaidi kuliko gramu 5 mara mbili.

Kupima: kile kijiko cha plastiki ndani ya kopo mara nyingi ni cha gramu 5, lakini soma kwenye kopo, yapo yenye kijiko cha gramu 3. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu huwa gramu 3 hadi 4. Mara moja tu, nenda kwa mtu mwenye mizani ndogo, hata sonara, upime kijiko chako, ujue.

Hatua ya 4: kuchanganya, ili isibaki kwenye glasi

Turudi kwenye ule mchanga. Maji ya nyuzi joto 20 yanayeyusha kama gramu 14 tu kwa lita nzima. Ukimwaga gramu 5 kwenye nusu glasi ya maji ya friji, hata ukoroge mpaka mkono uume, nyingine itazama. Maji ya moto yanayeyusha zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo fanya hivi: weka unga kwanza, mimina glasi kubwa nzima ya maji ya uvuguvugu au chai ya rangi isiyounguza, zungusha mpaka iwe angavu. Ukimaliza kunywa angalia chini. Kama kuna kilichobaki, tia maji kidogo, zungusha, maliza. Isiyoyeyuka ukiimeza nayo hufanya kazi, tatizo ni ile unayoiacha.

Changanya na unywe palepale. Ikishakuwa majini, kriatini huanza kugeuka kriatinini taratibu, na joto pamoja na uchachu vinaharakisha. Juisi ya ukwaju au ya ndimu si vibaya kuichanganyia kama unakunywa sasa hivi. Kosa ni kuandaa chupa saa moja asubuhi, kuiacha dirishani kwenye basi la Masasi, na kuinywa saa kumi jioni. Kama unasafiri, funga unga mkavu kwenye kikaratasi au kichupa, maji utayapata huko huko.

Hatua ya 5: msuli ufanye kazi kwanza

Katika ule uchunguzi wa 1992 kulikuwa na jambo moja zuri sana. Watu watano walikunywa kriatini huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi kwa mguu mmoja tu, saa moja kila siku. Mguu mwingine ulipumzika. Damu ilikuwa ileile na kriatini ileile. Walianza kwenye milimoli 118. Mguu uliopumzika ukafika 148, uliofanya kazi ukafika 162.

Maana yake kwako: panga kinywaji chako kifuate mazoezi, na mazoezi yaguse misuli unayoitaka. Mcheza mpira anayesukuma kifua siku nne kwa wiki na kuruka siku ya miguu anaipeleka kriatini mahali ambapo mechi haiihitaji. Chuchumaa na uzito, panda ngazi za jukwaa, fanya mbio fupi za mita 30 kwenye mchanga wa Shangani, kisha kunywa. Kuhusu kama ni lazima iwe baada na si kabla, tofauti ni ndogo. Siku usiyofanya mazoezi kunywa na mlo wowote. Anayekunywa kila siku saa yoyote atamshinda anayelenga dakika kamili halafu akasahau siku tatu.

Hatua ya 6: sahani

Hapa ndipo biashara kubwa inapofanyika, kwa sababu hapa ndipo unapouziwa makopo yenye sukari ya rangi eti yanaongeza ufyonzaji. Msingi wake ni kweli. Mwaka 1996 Green na wenzake waliwapa watu gramu 5 za kriatini, kisha nusu saa baadaye gramu 93 za sukari nyepesi, mara nne kwa siku. Kriatini iliyoongezeka msulini ilizidi kwa asilimia 60 ile ya waliokunywa kriatini peke yake. Insulini ilifungua mlango.

Lakini piga hesabu. Gramu 93 mara nne ni zaidi ya theluthi ya kilo ya sukari kwa siku. Hakuna mama yeyote Mtwara atakayekuacha ufanye hivyo na sukari yake, na mwili wako nao hautakushukuru.

Mwaka 2000 Steenge na wenzake wakaleta njia ya kistaarabu: gramu 50 za protini na gramu 47 za wanga zilipandisha insulini na kubakiza kriatini mwilini sawa na gramu 96 za sukari. Niliposoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilikuwa nakula sahani hiyo wakati huohuo. Wali uliopikwa, kikombe kimoja cha chai kilichojaa, kama gramu 170, una wanga gramu 47 hivi. Minofu ya samaki aliyepikwa, gramu 200, ambayo ni vipande viwili vya jodari au kolekole ukubwa wa kiganja bila vidole, ina protini karibu gramu 50. Wali samaki wa kwa mama ntilie ndio huo! Anachokuuzia mwenye kopo la rangi, umekipita pale stendi kinatoa moshi.

Basi utaratibu wangu ni huu. Maliza mazoezi, kunywa kriatini na glasi kubwa ya maji, oga, na ndani ya nusu saa hadi saa moja uwe umekaa kwenye sahani. Asiye na wali ana muhogo wa kuchemsha: gramu 125, kipande kisichozidi urefu wa kiganja, kinakupa wanga uleule. Msimu wake ukifika, ming'oko, ile mizizi ya porini, nayo ni wanga mzuri, ila usiegemee korosho hapa. Korosho tunazipenda na tunazilima, lakini mafuta yake ni mengi kuliko wanga wake, haziwezi kuifanya kazi hii. Madafu ni mazuri kwa kiu, sukari yake ni ndogo. Dafu moja halitoshi.

Kama samaki leo amepanda bei, mayai manne na kikombe cha mbaazi vinakupa kama gramu 35 za protini pamoja na wanga wa kutosha. Hazikufika 50, hamna neno. Mlango hausubiri namba kamili ndipo ufunguke.

Na tukumbushane kitu: haya yote yanaharakisha kujaza mtungi, hayaupanui. Baada ya wiki nne za gramu 3 hadi 5 kila siku, aliyekula kwa mpangilio na aliyekula ovyo wanakaribiana sana. Sahani ina faida kubwa siku za mwanzo. Baadaye kula kwa sababu una njaa na msuli unataka protini ya kujijenga.

Uwatu nao umewahi kujaribiwa badala ya sukari, na asidi ya lipoiki pia. Sijaona sababu ya kumwambia kijana wa Chikongola atumie fedha yake huko.

Ramadhani wengi huku wanafunga, na swali hili hunijia kila mwaka. Wiki ya kujaza usiianzishe ndani ya mfungo, maana kugawa mara nne na kunywa maji mengi hakuwezekani bila kukesha. Chukua gramu 3 hadi 5 mara moja. Fungulia tende na maji, sali, kisha kriatini na uji, halafu futari yenyewe. Anayefanya mazoezi baada ya tarawehe anywe akimaliza, na ale daku vizuri. Aliyekuwa ameshajaa kabla ya mwezi kuandama hana wasiwasi wowote: hata ukiacha kabisa, misuli huchukua wiki 4 hadi 6 kurudi ilikoanzia.

Hatua ya 7: maji, chumvi, kahawa na vidonge

Kriatini ikiingia msulini inaingia na maji. Katika joto la Lindi la Desemba hilo unalihisi. Hakuna haja ya kunywa ndoo. Kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu, usiwe wa rangi ya chai. Maneno kwamba kriatini inaleta kukaza misuli hayajathibitika, ila mchezaji aliyekauka atakazwa tu, na kriatini ndiyo itakayosingiziwa.

Chumvi, kwa kuwa mlango unatumia sodiamu, mtu mmoja aliniuliza kama alambe. Asilambe. Mchuzi wa kawaida una ya kutosha. Anayetoka jasho mpaka fulana inaweka michirizi myeupe aongeze kidogo kwenye chakula cha siku hiyo, yatosha.

Kahawa: uchunguzi mmoja wa mwaka 1996 uliowapa watu kafeini nyingi, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ulikuta kriatini imeingia msulini kama kawaida lakini nguvu iliyotarajiwa haikuonekana. Baadaye matokeo yamekuwa ya mchanganyiko. Vikombe vyako viwili vidogo na kashata jioni havina shida. Wiki ya kujaza punguza, na vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu acha.

Kinachonitia hofu kuliko kahawa ni diklofenaki. Wachezaji wetu wanaimeza kama karanga, goti likiuma kidogo tu, tena juani na bila maji. Dawa za kundi hilo kwa mwili uliokauka zinaumiza figo. Kisha mtu anapatikana na tatizo, lawama inaenda kwenye kopo jeupe.

Hatua ya 8: fuatilia kwa daftari

Siku ya kwanza, kabla ya kunywa, jipime uzito asubuhi baada ya kutoka chooni. Andika pia mambo mawili: mizunguko unayoweza kwa uzito fulani wa kuchuchumaa, na muda wa mbio sita za mita 30 ukipumzika sekunde 30 kati yake. Hiyo ya sita ndiyo ya kuangalia.

Kwa njia ya haraka uzito unapanda kilo 1 hadi 2 ndani ya wiki. Si mafuta, ni maji, na mengi yako ndani ya msuli. Kwa njia ya taratibu hupandi ghafla. Mwanamasumbwi anayepigania uzito fulani alifikirie hili mapema, si siku mbili kabla ya mizani. Rudia vipimo baada ya wiki nne. Mbio ya sita ikikaribia ya kwanza kuliko zamani, imeingia. Uzito haukusogea, mbio zilezile, na una hakika na kopo na glasi yako? Yawezekana wewe ni wale ambao mtungi ulishajaa. Acha, nunua viatu.

Wapo wasiopaswa kuanza bila daktari: mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kudumu kama za kisukari na presha, na mama mjamzito au anayenyonyesha. Walio chini ya miaka 18, mkiwemo nyie wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mnaonitumia ujumbe usiku, jibu langu ni hapana kwa sasa. Kula, lala, fanya mazoezi. Miaka hiyo mwili unajaza wenyewe bila kopo.

Na lile jina nililosema mlikumbuke. Ukienda kupimwa figo, iwe hospitali ya Ligula au ya Sokoine, maabara wanaangalia kriatinini kwenye damu. Anayetumia kriatini, na hasa mwenye misuli mikubwa, anaweza kuonekana juu kidogo ya kiwango hali figo zake ni nzima, kwa sababu kriatinini ni majivu ya kriatini yenyewe. Mwambie daktari kabla hajatoa damu kwamba unatumia, gramu ngapi, tangu lini. Akitaka uhakika anaweza kukwambia uache wiki kadhaa kisha urudie kipimo, au akapima kwa njia nyingine. Nenda na kopo lenyewe kwenye mfuko, aone kilichoandikwa.